Dundu Si Chonga



Mvua za mwaka zikianza kushuka, sisi tukaao ng'ambo ya kisiwa, kuanzia Likoni hadi Changamwe na Kisauni, hupata wageni tusiowaalika. Ishaa imeshaswaliwa, taa ya barazani inawaka, mara husikika mvumo mzito kama wa pikipiki iliyo mbali, kisha kishindo ukutani. Mdudu mweusi, mnene kama tende, ameanguka chali sakafuni anarusha miguu hewani. Watoto hupiga ukelele, kandambili huvuliwa, na kisa huishia hapo. Asubuhi mwenye kufagia huzoa mizoga pamoja na vumbi, wala hakuna aulizaye aliyeuawa alikuwa nani.

Aliyeuliza safari hii ni mama mmoja wa Mtongwe, aliyeniletea ujumbe wa sauti kwa simu. "Maalim," asema, "minazi yangu mitatu imekatwa vilele na wadudu. Wanangu wamechimba chini ya zizi la ng'ombe, wametoa dundu mkebe mzima wa rangi, wakawamwagia mafuta ya taa. Nyanya yao amewakemea, asema hao sio. Tena wawili waliruka wakatumbukia katika pipa letu la maji ya kutawadhia. Sasa nifahamishe, yafaa kuwaua hawa, na maji yale tuyamwage au tuyatumie?"

Masuala ni mawili, na la maji ndilo jepesi, basi nitalichelewesha. Hili la kwanza lina mali ya watu ndani yake. Mnazi wetu mrefu wa asili hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na ukishatobolewa moyo hauna dawa. Anayemuua asiyekuwa adui hupata hasara mbili kwa mara moja: adui yungali kileleni, na msaidizi keshakufa zizini. Nilimwomba mama huyo anipigie picha tatu za wale waliosalia mkebeni, moja ya mgongo, moja ya kichwa kwa mbele, na moja ya tumbo. Zikaja usiku huohuo, safi kabisa, na kandoni mwake amewekwa mchi wa kinu ili nione ukubwa.

Katika lugha yetu neno dundu labeba mzigo mkubwa. Kila mdudu mnene mwenye mbawa ngumu zinazofunika mbawa laini, mithili ya kifuniko cha kasha, huitwa dundu, na wengine husema mbawakawa. Wataalamu wa wadudu wameshaandika zaidi ya aina 350,000 za jamii hii ulimwenguni. Katika hizo, zile ambazo riziki yake ni kinyesi cha wanyama, katika kabila ambalo wataalamu huliita Scarabaeinae, hupata 6,000 hivi, na sehemu kubwa yake imo Afrika. Neno hili kinyesi litajirudia mara nyingi leo, niwieni radhi. Tukisema "uchafu" tu tutaificha maana, na kwa mwenye ng'ombe na mwenye shamba kitu hiki si uchafu.

Dundu wa Mtongwe ana urefu wa sentimita tatu na kidogo. Ni mweusi, mpana, mviringo, mgongo umenyanyuka kama wa kobe. Kichwa chake ni bapa, nusu duara, na ukingo wake umetokeza mbele hata ukafunika kinywa chote. Ukimtazama kwa juu huoni meno wala taya, waona kama ncha ya koleo tu. Dume ana pembe moja fupi katikati ya kichwa. Jike hana pembe, ana kituta kidogo mahali pake, na kwa hiyo watu hudhani ni wadudu wa aina mbili waliochanganyika katika mkebe mmoja, kumbe ni mume na mke. Juu ya mbawa ngumu pamechorwa mistari myembamba ya kwenda urefu. Tumboni na miguuni ana nywele za rangi ya kutu. Miguu ya mbele ni bapa, yenye meno kama ya msumeno, nayo ndiyo majembe yake. Ya nyuma ni mifupi na minene, yapanuka kuelekea mwisho kama mdomo wa tarumbeta, nayo ndiyo mabeleshi ya kusukumia mchanga.

Sifa hizo zikikutana kwa mdudu mmoja, huyo ni wa ukoo unaoitwa Catharsius, ambao una aina zipatazo mia moja, nyingi zikiwa za bara hili letu. Kumpa jina lake la mwisho kunataka darubini, na kumlinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa kama vile vya Makumbusho ya Taifa kule Nairobi. Kwa shauri la minazi, jina la ukoo latosha.

Sasa tumtazame mshukiwa mwenyewe, ambaye wakulima wa minazi humwita chonga. Jina lake la kisayansi ni Oryctes monoceros, na maneno hayo mawili ya Kiyunani maana yake ni mchimbaji, na mwenye pembe moja. Chonga naye ni mweusi, au kahawia iliyoiva sana. Naye ana pembe. Naye hupenda mvua na huja kwenye taa. Ndio maana kandambili haiwabagui. Lakini mtazame vizuri. Mwili wake ni mrefu kama pipa, si mviringo kama kobe. Pembe yake, hasa ya dume, imepinda kurudi nyuma kama jambia, na nyuma ya pembe hiyo kifua kimebonyea kana kwamba mtu amekikomba kwa kijiko. Kinywa chake hakikufunikwa. Taya zake zaonekana, nazo ni ngumu, kwa sababu kazi yake ni kutafuna nyuzinyuzi.

Juu ya hayo yote iko alama moja ambayo hata mtoto wa chuoni ataijua mara moja. Mshike mdudu kwa upole, mgongo juu, kichwa mbele. Tazama pale ambapo mbawa mbili ngumu zinaanza, zinapokutana na kifua. Kwa chonga utaona kijipembetatu kidogo kimechomekwa katikati ya mashina ya mbawa hizo, kama kiraka alichoshonea fundi kwenye kwapa la kanzu. Kwa dundu hawa wakubwa wa zizini hakuna kiraka. Mbawa zimekutana na kifua moja kwa moja. Katika picha za Mtongwe sikuona pembetatu hata kwa mmoja. Nyanya alikuwa na haki.

Wala hakuhitaji picha. Mwanamke aliyekulia shambani ajua kwamba chonga hapatikani chini ya kinyesi kibichi. Chonga mzima huruka usiku hadi kileleni, akajipenyeza kwenye shina la makuti machanga, akatoboa mpaka moyoni, akafyonza maji ya nyuzi anazozitafuna. Jeraha halionekani siku hiyo. Laonekana baadaye kuti linapofunguka, likawa limekatwa pande mbili kwa mshazari kana kwamba fundi wa nguo amelipitishia mkasi likiwa limekunjwa. Mnazi mkubwa huvumilia, ila mazao hupungua. Mnazi mchanga ukifikiwa kwenye chipukizi lake la pekee hufa. Kuzaa, chonga huzaa kwingine: katika gogo la mnazi lililooza, katika vumbi la mbao, na katika lundo la samadi kuukuu lililokaa hata likawa kama udongo.

Hili la mwisho ndilo linalowapoteza watu, maana lundo hilo mara nyingi liko hapohapo nyuma ya zizi. Basi wajueni na watoto wao pia. Buu wa chonga hukaa huru ndani ya uozo, mweupe, mnono kama kidole gumba, kichwa chake kahawia, amejikunja kama herufi ya dali. Buu wa dundu hana uhuru huo. Hukaa peke yake ndani ya tonge la kinyesi alilofinyangiwa na mamaye, chini ya udongo, na ukilivunja tonge hilo utamkuta ana kigongo mgongoni. Akitolewa humo hufa, maana nyumba yake ndiyo chakula chake.

Nalipenda sana jambo hili la tonge. Usiku dundu wa ukoo huu hunusa kinyesi kilichoangushwa karibuni, akashuka, akachimba shimo papo hapo chini yake, akawa anateremsha kidogo kidogo hadi ghalani. Kisha jike hukata sehemu, huifinyanga, huilainisha, huiacha chumba kidogo, na katika kila tonge hutaga yai moja tu. Moja. Wadudu wengi hutaga mamia wakaenda zao. Huyu watoto wake ni wa kuhesabika kwa vidole, na kila mmoja huandaliwa chumba na chakula cha kumtosha tangu kuanguliwa hata kukomaa. Ndiyo sababu mkebe mmoja wa rangi uliojaa dundu wazima si jambo dogo. Nzi utawaua elfu leo na wiki ijayo wamerudi elfu mbili. Dundu hawarudi kwa haraka hiyo.

Na wakati anapofanya kazi yake hiyo, bila kutukusudia sisi, hutenda mambo manne au matano yenye faida. Kinyesi kinazikwa kabla nzi hawajamaliza kuzaa ndani yake. Mayai ya minyoo ya mifugo yanaondoka juu ya majani. Mbolea inafika mahali mizizi ilipo, wala haipotezi nguvu yake kwa kukaushwa na jua. Na yale mashimo hupitisha maji ya mvua na hewa ndani ya ardhi iliyogandamizwa na kwato. Mwenye kufuga nyumbani Kisauni, ambaye mbuzi wake wamo katika banda la saruji, hufanya kazi hiyo yote mwenyewe kwa fagio na toroli, na najua wangapi wanaolalamika juu ya nzi jikoni.

Dundu wote hawafanyi kazi kwa namna moja. Wako wadogo, kama punje ya mtama, wanaoishi na kuzaa ndani ya kinyesi chenyewe. Wako wachimbaji kama huyu wa Mtongwe. Na wako wasukumaji, ambao ndio waliojipatia umaarufu kwa kuwa hufanya kazi mchana mbele ya watu: hukata tonge, hulizungusha hata likawa mviringo, kisha husimama kichwa chini miguu ya nyuma juu ya tonge, wakalisukuma kinyumenyume hadi mbali, wasije wakanyang'anywa. Maana wezi wapo. Wako hata wadogo wanaojipenyeza ndani ya tonge la mwenzao wakataga humo bila kutoa jasho.

Katika wasukumaji, wa kumtambua kwa urahisi ni Kheper, ambaye hupatikana katika nyika za kwetu Kenya; baadhi yao hung'aa kama shaba nyekundu iliyosuguliwa kwa ndimu. Ukingo wa kichwa chake una meno mbele, mithili ya miale ya jua katika mchoro wa mtoto. Tena mguu wake wa mbele hauna kiganja. Umeishia kwenye kipande chenye meno, kana kwamba mtu amevaa jembe badala ya mkono. Jina Kheper limetokana na mungu wa uongo wa Misri ya kale, Khepri, waliyemchora kwa sura ya dundu kwa sababu waliona tonge linavyosukumwa wakadhani na jua husukumwa vivyo hivyo. Waliona vizuri, wakahukumu vibaya. Lakini kuona waliona, na sisi tulio na kandambili mkononi hata huko kuona hatujafika.

Aliye mkubwa kuliko wote huku kwetu ni wa ukoo wa Heliocopris, dundu wa ndovu. Mmoja wao, Heliocopris dilloni, alichunguzwa Tsavo na wataalamu wawili, Kingston na Coe, waliochapisha utafiti wao mwaka 1977. Huyu hujaza kiganja cha mtoto, urefu wake ukifika sentimita tano na kuzidi, na matonge yake huyapaka udongo kwa nje yakakauka yakawa magumu. Huko India ndugu yake, Heliocopris dominus, matonge yake yaliwahi kufukuliwa watu wakayadhania ni risasi za mawe za mizinga ya vita vya zamani. Kutoka kivuko cha Likoni hadi milima ya Shimba, walipo ndovu, si safari ya siku. Na kule Mwaluganje, upande wa pili wa Shimba, watu wamejifunza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha ndovu, jambo ambalo dundu wakipewa ulimi huenda wangelishtaki.

Kasi yao haisadikiki mpaka uambiwe kwa hesabu. Anderson na Coe, waliofanya kazi Tsavo na kuandika mwaka 1974, walihesabu dundu 16,000 waliofika kwenye kinyesi cha ndovu cha kilo moja na nusu. Kwa saa mbili kikawa kimeliwa, kimezikwa, na kimesukumwa mbali, pasibaki kitu. Treni iondokayo Miritini hupita katika nyika hiyohiyo, nasi tumo ndani tumefunga mapazia.

Mwenye kutaka kujua thamani ya dundu na atazame mahali walipokosekana. Wazungu walipoingia Australia mwaka 1788 walichukua ng'ombe wao, lakini dundu wa Australia walizoea kinyesi kikavu cha wanyama wa kule, kama kangaruu, na cha ng'ombe hawakukijua. Kikabaki juu ya malisho miezi na miezi. Majani yakafa chini yake, na nzi wakaongezeka hata ikawa adha ya nchi nzima. Mtaalamu mzaliwa wa Hungaria, George Bornemissza, akaona tofauti na yale aliyoyajua kwao, na kuanzia miaka ya 1960 serikali ya huko ikawa inaleta dundu kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika, mayai yao yakisafishwa kwanza yasichukue maradhi. Aina 43 zilipelekwa, na 23 zikapata makao. Taifa tajiri lilituma watu na fedha bara hili kuja kutafuta dundu. Sisi tunao chini ya zizi Mtongwe, twawamwagia mafuta ya taa.

Nije sasa kwenye suala la hukumu. Kitu kimoja kinachowafanya watu wetu wamdharau mdudu huyu ni kwamba jina lake la Kiarabu, ju'al, limetajwa katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ambamo Mtume (s.a.w.) aliwaonya wenye kujifakhiri kwa baba zao waliokwisha kufa, akawapigia mfano wa ju'al na mzigo wake. Wasikilizaji wengi hutoka darasani wakimcheka ju'al. Lakini anayeshutumiwa mle ni mwenye kuhesabu nasaba barazani, si mdudu. Ju'al anachosukuma ni chakula cha wanawe; yule mwenye kujisifu kwa ukoo asukuma nini? Nawaachia wenyewe, hasa katika msimu huu wa posa, ambapo masuala ya nani ni mtoto wa nani huvuma kuliko dundu.

Wanavyuoni wetu hawakumpuuza. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alimwandikia habari katika kitabu chake cha wanyama, na baada yake Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808. Ilikuwa ikisemwa zama hizo kwamba ju'al akiwekwa penye waridi huzimia, akirudishwa kwenye kinyesi hufufuka. Nadhani chanzo chake ni kwamba dundu wengi wakishikwa hukunja miguu wakajifanya wamekufa, kisha wakiachwa huinuka wakaenda. Lau kama harufu nzuri ingemuua, asumini na vikuba vya kina mama wa Mombasa vingekwisha kummaliza zamani.

Ama Imamu Nawawi, ambaye kwa madhehebu yetu ya Shafi'i pwani hii ndiye marejeo, aliwagawa wanyama kwa upande wa kuuawa. Wako wenye madhara, kama nge na panya, hao huuawa. Na wako wasiodhihirika kwao nafuu wala madhara, na hapo aliwataja dundu kwa majina yao ya Kiarabu, akasema kuwaua ni makuruhu, si haramu. Hiyo ndiyo hukumu, na ndiyo niliyompa mama wa Mtongwe. Lakini tazameni sharti iliyoambatana nayo: asiyedhihirika kwake nafuu. Nafuu ya mdudu huyu leo imedhihirika kwa hesabu na kwa mizani, na kwa maoni yangu mwenye kuijua kisha akamuua kwa mchezo yuko karibu zaidi na kulaumiwa kuliko aliyeua zamani kwa kutojua. Chonga ni kinyume chake. Yeye madhara yake yaonekana kwa macho, na mwenye mnazi ana haki ya kujilinda naye.

Na yale maji ya pipa? Mdudu asiye na damu itiririkayo, kama nzi, nge, na dundu, akitumbukia mwenyewe katika maji akafa, hayanajisiki kwa kufa kwake maadamu hayakubadilika. Hata hivyo wale wawili walitoka zizini, na katika madhehebu yetu kinyesi cha ng'ombe ni najisi. Basi mama aliniambia kwamba walikuwa wameshikamana na uchafu unaoonekana kwa macho; nikamwambia, pipa moja halifiki kulatein, ayamwage kwenye migomba, aoshe pipa, na aweke kifuniko. Migomba itafurahi.

Yamebaki ya vitendo. Minazi ya Mtongwe haitaokolewa kwa kuchimba zizi. Itaokolewa kwa kuanzia kwenye gogo. Kila gogo la mnazi lililoanguka shambani lipasuliwe likauke, litumike kuni au lichomwe, lisiachwe lioze pale lilipo. Vivyo hivyo visiki. Lundo la samadi kuukuu lipinduliwe kila baada ya wiki chache, na kuku waachiwe wapite juu yake; mabuu wanono watakaofukuliwa hawatawakosa. Mkwezi apandapo kuangua madafu aambiwe atazame mashina ya makuti machanga, na akiona tundu lenye nyuzi zilizotafunwa zinaning'inia, aingize waya mwembamba wenye kulabu na kumtoa chonga aliyemo. Kazi hii mababu waliifanya kabla ya dawa zote. Mlipeni mkwezi kwa kila chonga atakayemteremsha, mtaona macho yake yatakavyokuwa makali.

Na mlio na mifugo, iko dawa ya sindano ya minyoo na wadudu wa ngozi iitwayo ivamektini. Ni dawa nzuri, sisemi msiitumie. Lakini sehemu yake hutoka katika kinyesi cha mnyama kwa siku kadhaa, na mabuu wa dundu wakila humo hufa au hukua vibaya. Shaurianeni na daktari wa mifugo ili, hali ya mnyama ikiruhusu, sindano ichomwe wakati wa kiangazi ambapo dundu hawajaanza kuzaa, na si mvua za kwanza zinaponyesha. Dawa za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, baadhi yake nazo zina tabia hiyo.

Taa ya barazani nayo, mkimaliza kula, izimeni. Akishaanguka chali sakafuni, dundu hana uwezo wa kuinuka upesi kwenye saruji laini, na hapo ndipo watoto humpata. Mpeni kijana ufagio amsogeze hadi mchangani, baada ya kumtazama kile kiungo cha mbawa. Akiwa na pembetatu, ni chonga, mfanyeni mtakavyo.

Msomaji wa Bamburi ameniuliza juu ya majongoo wekundu waliotumiwa katika machimbo ya simiti kule kugeuza majani ya mivinje kuwa udongo, pale palipokuwa jangwa la mawe na leo ni msitu wa Haller Park. Inshallah juma lijalo.